Kinamasi cha Mama Mwenyekiti

Nyundo bado iko hewani.

Ndiyo, pale pale tulipoiacha Jumamosi iliyopita, juu ya kichwa cha Mama Mwenyekiti Ragnfrid Solem, mjane, mwalimu mstaafu, mwanamke aliyefundisha nusu ya kisiwa cha Tarvøya kusoma na nusu nyingine kunyamaza. Akigonga meza akasema Kvitnes, uwanja mpya wa ndege utajengwa kwenye shamba la Oddmund, na kondoo wake watajua wenyewe pa kwenda. Akigonga akasema Langmyra, uwanja utajengwa kwenye kinamasi, na Oddmund ataendelea kuzeeka kwenye nyumba aliyozaliwa.

Kura za siri zilizotumbukizwa kwenye kopo la kahawa zimefungana, kumi na moja kwa kumi na moja. Mwenyekiti wetu hapigi kura mpaka zifungane. Sasa zimefungana, na mkono wake haushuki.

Unajiuliza jambo zito namna hii limefikaje kwa klabu ya kujitolea, inayouza karatasi za chooni mlango kwa mlango ili kuwanunulia wazee viti vya magurudumu? Ni kwa sababu madiwani waligombana hadi wakaacha kusalimiana. Klabu ndiyo mahali pekee kisiwani ambapo pande zote mbili bado zinaketi meza moja, na hapo tuishukuru kahawa. Madiwani wakasema, klabu ikiamua tumekubali. Mhandisi Fredriksen akaletwa kutoka Oslo kuchukua jibu. Feri yake inaondoka saa mbili usiku, haimngoji mtu.

Na mimi Mwajabu, binti wa Tanga niliyeolewa hapa miaka ishirini iliyopita, nilikuwa wapi? Jikoni, nachoma vaffel, vikeki bapa vya huku, kwenye chuma. Kuna kidirisha kati ya jikoni na ukumbi, na kwa kidirisha hicho hakuna kinachonipita. Kopo lilipozungushwa chuma kilikuwa kinafuka moshi, nikashughulikia moshi. Kwa hiyo kura yangu haimo kwenye hizo zilizohesabiwa. Wekeni hilo akilini.

"Mwalimu, mkono utakufa ganzi," alisema Sigvor. "Gonga tujue moja."

Sigvor ni mkunga wetu. Amezalisha akina mama wawili ndani ya feri, mmoja wao kwenye meza ya kuuzia soseji, kwa hiyo uwanja wa ndege anautaka kuliko mtu yeyote. Ila anautaka kinamasini, asitolewe mtu nyumbani kwake.

"Langmyra hapafai," alisema Ragnfrid. "Kuna ndege."

"Ndege gani?"

"Ndege adimu."

"Jina lake?"

Mwalimu Ragnfrid, aliyewakaririsha watoto wa kisiwa majina ya mito yote ya nchi hii, alitazama dari. "Ni mdogo hivi. Wa kahawia."

"Huyo ni shomoro, Mwalimu. Hata kwenye paa la choo changu yupo."

Watu wakacheka. Hallstein hakucheka. Hallstein ndiye mwenye duka la zana, bonge la mtu, anayetaka uwanja ujengwe Kvitnes kwa kuwa ni tambarare na ni karibu na dukani kwake. Inasemekana kibao cha "Magari ya Kukodisha" ameshakipaka rangi, kipo stoo.

"Mwacheni Mwalimu," alisema. "Mtu hataki kinamasi, hataki. Aseme Kvitnes twende tukalale."

Sigvor aligeuka pole pole. "Amekuahidi nini huyu, Mwalimu?"

"Nani?"

"Hallstein. Miezi mitatu unatuletea sababu. Mara ukungu, mara upepo, leo shomoro. Mtu akikosa sababu ujue anayo moja anayoificha."

"Umenivunjia heshima, Sigvor."

"Basi irudishe kwa neno moja tu. Mtazame Oddmund machoni, umwambie Kvitnes."

Ukumbi wote ukamgeukia Oddmund.

Yeye alikuwa mahali pake pa siku zote, kando ya jiko la kuni, kofia magotini. Oddmund Kvitnes si mtu wa maneno. Mwaka jana alizungumza mara moja mkutanini, kutuarifu kwamba maziwa yamekwisha. Lakini kisiwa kizima kinajua kwamba tangu mume wa Ragnfrid afariki, Oddmund hukaa kwenye kiti kile kinachomtazama mwenyekiti, na kwamba hakuna kati yao aliyewahi kusema lolote juu ya hilo. Kwetu Tanga wangekuwa wameshapeleka posa, wamekataliwa, wamepeleka nyingine. Hapa Tarvøya watu walikuwa wanaona wawili hao wana haraka.

Ragnfrid alimtazama. Oddmund naye akamtazama, bila lawama yoyote, na nadhani hicho ndicho kilichommaliza mama wa watu. Nyundo ikashuka taratibu, ikalala mezani bila kutoa sauti.

"Ni multe," alisema.

Chuma changu kilianza kuunguza na sikukigusa.

Msomaji, multe ni tunda la rangi ya dhahabu, dogo kama ncha ya kidole gumba, linaloota lenyewe kinamasini na kuiva mwezi wa nane. Mtu wa Tarvøya atakutajia mshahara wake. Atakusimulia bawasiri yake, na ya baba yake. Lakini muulize multe amezichuma wapi, atakutazama kama umemwomba mkewe, kisha atajibu, "Huko juu." Mume wangu Jostein nimemzalia watoto watatu, nimemuuguza nimonia mpaka akapona, na hadi leo kila Agosti anaondoka na ndoo, anarudi na ndoo, na ukimuuliza anasema huko juu.

Kwa hiyo mwalimu wetu alipolitamka neno lile mbele ya watu, ilikuwa kama amefungua vifungo vya blauzi.

Mhandisi Fredriksen alivua miwani. Huko Oslo wana lami na treni za chini ya ardhi, ila damu ni ile ile. "Za mwaka huu zimeshaiva?" aliuliza.

"Zimeiva," alisema Ragnfrid. "Juzi nilipita."

"Langmyra?" Hallstein alikuwa amesimama bila kujua amesimama. "Lakini Langmyra hakuna kitu. Watu wote wanajua Langmyra hakuna kitu."

"Wanajua kwa sababu mimi ndiye ninayewaambia."

Hapo nilimheshimu kupita kiasi.

"Mama yangu alinionyesha siku moja kabla hajakata roho," aliendelea. "Kaka zangu hakuwaonyesha. Marehemu mume wangu alikwenda kaburini hajui." Wazee kadhaa wakatikisa vichwa kwa kukubali kwamba hiyo ilikuwa ndoa nzuri. "Sasa ningepatetea vipi mahali pale? Ningesemaje bila kusema? Ndiyo nikaleta ukungu, nikaleta upepo."

"Na shomoro," alisema Sigvor.

"Na shomoro."

Sigvor alikaa. Hasira zilikuwa zimemtoka, ila ulimi ulikuwa haujapata habari. "Kwa hiyo ulikuwa tayari Oddmund apokonywe nyumba kwa ajili ya ndoo ya multe."

"Ndoo mbili," alisema Ragnfrid. Alikuwa mkweli hata pale palipombana. Kisha akanywea. "Naona aibu, Sigvor. Naona aibu mpaka chakula hakipiti. Kila nikisema nitagonga Langmyra, mkono unakataa. Nikajua maadamu ile siri ni yangu mwenyewe, mkono utakataa mpaka kesho. Basi acha niitoe."

"Usiitoe," alisema mzee mmoja nyuma, kwa hofu ya kweli.

"Mtapita kile kibanda cha zamani cha majani," alisema Mwalimu Ragnfrid, kwa sauti ile ile ya darasani, na wanafunzi wake wote wakanyoosha migongo. "Mtavuka kijito. Mbele mtaona jiwe kubwa limepasuka katikati, na mti mmoja uliopinda. Hapo mnapinda kushoto."

"Kushoto?" alisema Hallstein.

"Kushoto."

"Maisha yangu yote napinda kulia," alinong'ona, akakaa chini kama aliyefiwa.

Ragnfrid alifuta macho kwa kitambaa cha mezani. "Tayari. Sasa si pangu tena, ni pa kila mtu. Naweza kupiga kura yangu kwa haki." Akaikamata nyundo, akainua mkono, na safari hii haukusita. "Uwanja wa ndege utajengwa..."

"Usigonge."

Tulitafuta sauti imetoka wapi. Tulitazama kwanza kwa mhandisi, kisha mlangoni. Ilituchukua muda kuamini kwamba ni Oddmund, na kwamba maziwa yapo tele.

"Kaa, baba," Sigvor alimwambia. "Anakuokoa wewe huyo."

"Sikuomba kuokolewa." Oddmund aliizungusha kofia mikononi. "Kura yangu niliandika Kvitnes."

"Kvitnes ipi?"

"Ipo moja tu. Kwangu."

Hallstein aliruka tena kutoka kitini. "Uliandika shamba lako mwenyewe? Mimi nimekununia wiki nzima, nimekuuzia misumari bila kukusalimia, nikijua wewe uko upande wa kinamasi. Kumbe uko na mimi?"

"Siko na wewe, Hallstein."

"Kwa nini, Oddmund?" aliuliza Ragnfrid. Nyundo ilikuwa imerudi hewani, ila nadhani alikuwa ameisahau.

"Kondoo wanahama," alisema Oddmund. "Kinamasi hakihami."

"Kinamasi kinakuhusu nini wewe?"

Oddmund akainamia kofia yake kama mtu aliyekamatwa. Macho ya Ragnfrid yakaanza kushuka. Yakapita kofia, yakapita magoti, yakafika kwenye buti. Buti la kushoto lilikuwa na kiraka cha mpira wa baiskeli, kipana, kimeshonwa kwa uzi mnene.

"Kiraka," alisema Ragnfrid.

Oddmund aliurudisha mguu chini ya kiti, lakini alikuwa amechelewa.

"Ni wewe. Kila Agosti nakuta zile nyayo kwenye matope, za buti lenye kiraka. Wewe ndiye mwizi wangu."

"Mimi."

"Nimekulaani mimi. Nilikuombea uharishe, Oddmund."

"Mwaka juzi niliharisha."

Mtu mmoja alijikohoza kuficha kicheko. Mimi sikuweza kuficha, nikainamia bakuli la unga.

"Nachuma pembeni tu," alisema Oddmund. Tayari alikuwa amezungumza kuliko mwaka mzima, jasho lilikuwa likimtoka. "Za dada yangu, hawezi kutembea. Pale katikati, kando ya jiwe, sijagusa hata moja."

Kila mwaka Ragnfrid alikuwa akikuta pembeni pameshachumwa na katikati pamejaa, pananing'inia, pananukia, hata moja haijaguswa. Kila mwaka aliwaza kwamba mwizi wake ni mzembe, au haoni vizuri. Nilimwona uso wake ukianza kuelewa.

"Ulijua ni pangu?"

"Tangu ule mwaka ulipokuja na skafu nyekundu. Nilikusikia unaimba. Nikalala nyuma ya jiwe mpaka ukaondoka."

"Ulilala kinamasini?"

"Ndiyo."

"Ukalowa."

"Kidogo."

"Si ungetokea tu, ukasema?"

"Ningesemaje bila kusema?"

Ragnfrid akashuka kutoka kwenye jukwaa. Alitembea hadi kwenye jiko la kuni, akamtoa ile kofia mikononi, akaiweka mezani, akamshika mkono mbele ya kadamnasi. Nililia. Sioni haya kusema nililia, na machozi mengine yaliingia kwenye unga wa vaffel na wala hayakuuharibu.

Tukangoja makofi.

Makofi hayakuja. Wawili wale wakageuka kutazama ukumbi, nami nikachungulia vizuri kidirishani, na ndipo tulipouona ukweli. Viti vilikuwa vitupu. Vikombe vya kahawa vilikuwa vinafuka bado. Koti la Hallstein lilining'inia kitini, lenyewe. Mlango mkubwa ulikuwa wazi, na nje jua la Agosti lilikuwa halijazama, na magari yalikuwa yakiondoka moja baada ya jingine bila kupiga honi, kwa adabu kubwa, yote yakielekea Langmyra. Ng'ambo ya barabara, duka la zana lilifunguliwa, likafungwa. Hallstein akatoka mbio na ndoo nne.

"Sigvor pia?" aliuliza Ragnfrid.

Mkoba wa ukunga ulikuwa umebaki chini ya meza. Sigvor pia.

Ukumbini alikuwa amebaki Mhandisi Fredriksen peke yake, vaffel mkononi, jibini ya kahawia shavuni, akiutazama mlango kwa uchungu wa mtu aliye kazini. Huko bandarini feri ikapiga honi ya kwanza.

"Mama Mwenyekiti, mimi nimetumwa jibu," alisema. "Nikirudi mikono mitupu, uwanja watapewa watu wa kisiwa kingine, nanyi mtaendelea kuzalia kwenye meza za soseji. Nani anapiga kura?"

"Waliobaki," alisema Ragnfrid. Sauti ya darasani ilikuwa imemrudia, mkono wa Oddmund hakuuachia. "Ni kanuni yetu tangu enzi za wavuvi. Samaki wakionekana, wanachama walikuwa wanakimbia mkutano, mambo yanalala. Ikaamuliwa kwamba aliyetoka amekubaliana na waliobaki, na kura zinapigwa upya."

"Na waliobaki ni nani?"

Ragnfrid aliutazama mkono aliokuwa ameushika.

"Hatuna muda wa makaratasi," alisema hatimaye. "Tunapiga kwa mikono. Wanaotaka Kvitnes."

Oddmund akanyoosha mkono wa pili, ule ulio huru.

"Shusha," alisema Ragnfrid.

"Sishushi."

"Oddmund, ni nyumba ya baba yako ile. Usipoteze nyumba kwa ajili ya matunda yangu. Nagonga Langmyra, nimalize."

"Huwezi kugonga," alisema Oddmund kwa upole. "Mwenyekiti hapigi kura mpaka zifungane. Sasa hivi ni moja kwa sifuri."

Miaka yote tulidhani yule mzee husinzia kanuni zinaposomwa. Ragnfrid alimtazama kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyepata sahihi siku mbaya. Alikuwa amebanwa na sheria yake mwenyewe, na mwanaume ambaye yeye amegundua sasa hivi kwamba anampenda alikuwa anajinyang'anya nyumba mbele ya macho yake.

"Wanaotaka Langmyra," aliita, akivitazama viti vitupu. "Hakuna? Mmoja tu ananitosha. Mmoja, zifungane, nigonge mimi."

Honi ya pili ikalia. Mhandisi aliinua begi lake. "Basi nachukua Kvitnes. Samahani sana, mzee."

"Ngoja," alisema Ragnfrid, akainua pua. "Kuna kitu kinaungua."

Wote watatu waligeukia kidirisha cha jikoni. Moshi ulikuwa unatoka. Kwenye chuma kulikuwa na vaffel, nyeusi tii, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Mwajabu," aliita Mwalimu Ragnfrid.

Sikujibu. Nilikuwa kwenye mlango wa nyuma, buti za Jostein miguuni, aproni bado kiunoni. Miaka ishirini ya huko juu, msomaji. Kibanda, kijito, jiwe lililopasuka, kushoto. Hallstein alikuwa na ndoo nne na mwendo mzuri, na kila nukta niliyosimama pale alikuwa anakaribia kijito.

"Mwajabu, wewe ni mwanachama na kura yako hukupiga. Najua uko hapo, nakusikia unavyohema."

Nikageuza shingo. Kupitia kidirisha na moshi nilimwona Oddmund, mkono wake juu, akinitazama kwa macho ya kuniomba ninyamaze. Nikinyamaza, mtu aliyelala kinamasini mpaka akalowa anatolewa nyumbani kwake. Nikisema, nyumba inabaki, na lile jiwe na kila kilicho kushoto kwake vinamwagiwa lami, vikiwa vimekuwa vyangu kwa robo saa tu.

"Nyoosha mkono, binti," alisema Mwalimu Ragnfrid, na honi ya tatu ikaanza kulia.

Mkono mmoja ulikuwa kwenye kitasa. Wa pili ulikuwa umeshika ndoo.